Sura ya Mkwe Kwenye Laptopu

Mimi Consolatha nikishikwa na wazimu wa kupanga vitu, usinizuie. Jumamosi ile nilipomaliza kudeki tu, niliketi na laptopu yangu ndogo nikaupangua ule mstari wa vipicha ulio chini ya kioo, vile unavyobonyeza programu ikafunguka. Mama hasomi vizuri, kwa hiyo maneno yote nikayaondoa. Kwaya nikaiwekea picha ya Mama mwenyewe na sare yake ya parokiani. Redio, jogoo. Vipicha nikavikuza kama vitumbua, halafu nikaongeza mbwembwe: mshale ukikikaribia kipicha, kinavimba! Nilicheka peke yangu kama chizi.

Yote hayo kwa ajili ya mtoto. Dada yangu Marcelina alikuwa amejifungua huko Kigoma, mjukuu wa kwanza wa Mama, na Mama magoti hayamruhusu safari ndefu ya huko. Alikuja kwangu Ipuli kutoka Usinge kwa jambo moja tu, amwone huyo mtoto. Kutwa nzima ni, "Conso, yukoje lakini?" Simu ya video tulikuwa tumpigie shemeji Xavery, mume wa Marcelina, maana ndiye mwenye simu janja, kwa hiyo kwenye kipicha cha kupigia nikaweka sura yake. Nikajiona nina akili kweli.

"Mama, shika kipanya. Msogelee shemeji, umbonyeze."

Mama akasogeza. Xavery akavimba, macho yamemtoka, meno yote nje.

"Toba!" Kipanya kule, Mama huku, kanga kichwani, mbio mpaka jikoni. Yale magoti sijui aliyaacha wapi.

"Mama, ni picha tu!"

"Mtoto mwehu wewe! Nimbonyeze mkwe wangu usoni? Na yeye anakuja!"

Ndipo nikakumbuka. Mama ni wa kizamani kabisa, kwake mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Xavery akija Usinge, Mama anapita mlango wa nyuma, na Xavery akimwona njiani anaingia shamba la watu. Na mimi mjuaji nimemvimbisha mbele yake! Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha hasira zikanipanda, maana kazi yangu yote ilikuwa inaharibika.

"Basi naweka mbuzi!" nikapaza sauti.

"Mkwe wangu ni mbuzi?"

"Boga!"

"Na mahari yote ile, umwite boga?"

Nikaweka baiskeli ya Xavery. Mama akachungulia mlangoni, akaikagua, akaona haina macho. Akarudi, akabonyeza mwenyewe! Ikaita. Tukashikana mikono tukarukaruka pale sebuleni, mtu mzima na mtu mzima mwenzake.

Nani apokee badala ya Marcelina? Xavery. Alipomwona Mama, picha ikazunguka: dari, neti, ukuta. Mama naye akajivuta kanga mpaka kidevuni.

"Shikamoo mama!" Xavery akaita, haonekani.

"Marahaba baba!" Mama akajibu kutoka ndani ya kanga.

"Shemeji, Marcelina yuko wapi?" nikauliza.

"Anaoga."

"Sasa si utuoneshe mtoto, jamani!" nikafoka.

Akaiegemeza simu mezani, akakaa ametugeuzia mgongo, mtoto amemlaza begani anatutazama. Mtoto akapiga mwayo mkubwa. Kanga ya Mama ikaanguka yenyewe. Alipiga kigelegele, akalia, akacheka, akapiga tena. Mimi nikadakia, machozi yananitoka, sijui hata nalia nini. Nilifurahi mno.

Mama akakisogelea kioo.

"Xavery."

"Naam, mama."

"Geuka, baba."

"Mama?"

"Nimesema geuka. Nitajuaje mjukuu wangu amefanana na nani?"

Akageuka taratibu, jasho linamtiririka, mtoto kifuani. Mama akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mkwe huyo amuoe Marcelina. Akamtazama mtoto. Akamrudia tena yeye, akashusha pumzi.

"Pua ni yako," akasema. "Pole, mjukuu wangu."