Damu ya Shira

Gene Wojtas alikuwa amebakiwa na mkanda wa dakika tatu, na filamu yake ya kutisha ilikuwa bado haijamtisha mtu. Wiki mbili alizokaa kwenye shamba moja la mahindi nje ya Pittsburgh, Pennsylvania, alikuwa ameua watu sita mbele ya kamera, na hakuna aliyekufa ukaamini. Leo ilikuwa zamu ya Darlene Hruska, mpishi wa shule, kupiga yowe la kufungia kazi. Likishindikana, Jumatatu Gene anarudi kuuza mazulia dukani kwa baba mkwe wake, na kamera ndiyo kwaheri.

Darlene akapiga yowe la kuita watoto waje kula.

"Mama Darlene, unachinjwa," Gene alimsihi.

"Nimekusikia, mwanangu. Ila huyu kijana anayeigiza mchinjaji nimempikia maharage tangu darasa la kwanza. Namwogopaje?"

Gene akaona dawa ni kuongeza damu. Akammwagia ndoo nzima ya shira ya mahindi iliyotiwa rangi nyekundu, na kwa papara zake akajilowesha na yeye hadi nywele. Adhuhuri ya Agosti, joto kali, shira, shamba! Mtoto yeyote wa Pennsylvania angemwambia kinachofuata.

Nyigu walikuja kundi zima.

Darlene amekulia shambani, akasimama tuli na kufumba macho. Gene ikawa mguu niponye. Alipasua mahindi, akaparamia uzio, huku akitoa yowe jembamba lililowarusha kunguru wote, kisha akajitosa bwawani na viatu vyake.

Alipoibuka, uso umemvimba hata mkewe asingemjua, Lou mpiga picha alikuwa ukingoni na kamera yake.

"Mkanda umeisha, bosi."

"Darlene umempata?"

"Darlene wa nini? Nimekupata wewe."

Novemba, filamu ikaonyeshwa mchana wa Jumamosi. Baba mkwe, mzee Stanley, alikuja shingo upande na bisi zake. Lile jitu jekundu lilipochomoka mahindini likipiga yowe, ukumbi mzima ukaitikia, bisi zikaruka, na mzee akaficha uso begani kwa mkwewe. Gene alitamani kucheza ngoma juu ya kiti.

Taa zilipowaka, mzee alijifuta jasho.

"Yule wa mahindini umemtoa wapi? Wengine wote wanaigiza tu. Yule anakufa kweli."

"Ni mimi, baba."

Mzee akaokota kofia yake sakafuni.

"Basi dukani nitatafuta mtu mwingine."