Malkia wa Kopa Anaosha Madirisha

Siku ya tisa ya msiba wa mumewe, saa nne asubuhi, Sidra Macaraeg alikuwa anapita katikati ya viti na birika la kahawa, taratibu, asije akateleza kwenye maganda ya mbegu za tikiti. Nyumba yenye maiti haifagiliwi mpaka maiti atoke, na watu wa mji wa Calasiao wakikaa msibani hutafuna mbegu za tikiti tangu asubuhi, kwa hiyo maganda yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Ponso alikuwa amelala chini ya dirisha, ndani ya jeneza jeupe lenye kioo, amevaa shati lake la harusi ambalo shingoni lilikuwa limembana kidogo.

Mbele ya jeneza ilikuwepo meza ya karata. Polisi wa mji ule hawapendi karata za pesa, ila penye maiti huzifumbia macho, kwa kuwa kila anayeshinda hutumbukiza sarafu kwenye kopo la wafiwa. Mchezo ulikuwa pusoy, uleule aliokuwa akiucheza Ponso na rafiki zake kwa miaka thelathini na moja. Siku hiyo walikuwepo Nardo kinyozi, Choleng jirani wa ukuta mmoja, na Teroy aliyeacha kuendesha bajaji baada ya kupata mtoto wa jicho. Kwenye kiti cha Ponso alikaa mpwa wake kutoka Manila.

"Rowena anaosha madirisha," alisema Nardo, macho kwenye karata zake.

"Rowena yupi?" akauliza Sidra.

"Wako, shemeji. Huyu hapa kwenye malkia wa kopa. Ana ndoo ya bluu."

Sidra akaweka birika chini, akapiga hatua.

"Simama hapohapo, dada," alisema Choleng. "Asiyecheza haangalii karata. Sheria ya nani hiyo?" Akachomoza midomo kuelekeza kwenye jeneza.

Sidra akasimama. Miaka thelathini na moja alikuwa amepeleka kahawa kwenye meza ile, na hakuwahi hata mara moja kuona upande wenye picha. Karata zikafunguliwa, zikahesabiwa, zikakusanywa. Nardo akasema madirisha yalikuwa mengi, na kwamba Rowena amepungua mashavu.

Rowena ndiye aliyekuwa akisubiriwa. Alikuwa mtoto wao pekee, na mwaka wa sita sasa anafanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu ng'ambo. Siku baba yake alipokata roho alipiga simu akasema, "Msimzike, nakuja." Tangu hapo simu yake haikupatikana tena. Mtia dawa maiti alikuwa amemwambia Sidra kwamba dawa aliyomtia Ponso ni nzuri, lakini ina siku ishirini na moja, si zaidi.

Asubuhi iliyofuata yule mpwa alirudi Manila kazini. Pusoy ni ya watu wanne. Wakiwa watatu wanabaki kutazamana. Sidra akaosha unga wa mchele mikononi, maana alikuwa anaendelea kupika vitumbua vyake vyeupe vya mvuke hata msibani, akavua aproni, akakaa kwenye kiti cha mumewe, kile kinachotazama jeneza.

"Nifundisheni," akasema.

"Karata ngapi kwenye pakiti?" Teroy akamuuliza.

"Sijui. Huwa naona migongo tu."

Walianzia hapo. Hamsini na mbili, kila mtu kumi na tatu. Kumi na tatu hizo unazipanga safu tatu: mbele tatu, katikati tano, nyuma tano. Safu ya nyuma lazima iwe na nguvu kuliko ya katikati, na ya katikati kuliko ya mbele. Halafu kila mtu anafungua, mbele inapambana na mbele, nyuma na nyuma.

"Kwa nini wenye nguvu wakae nyuma?" akauliza Sidra.

"Kwani wewe ukienda sokoni hela kubwa unaiweka mfuko wa mbele?" alisema Choleng.

Hilo akalielewa mara moja. Akajifunza jozi, akajifunza jozi mbili, tatu za namba moja, tano za kufuatana. Alipoambiwa kwamba tano za alama moja zinazizidi tano za kufuatana, akaziweka karata chini.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ngumu zaidi kuzipata."

"Nani alizihesabu?"

"Dada, cheza!"

Siku yake ya kwanza mezani malkia wa kopa alikwenda kwa wengine. Wakati wa kufungua Sidra alimwona kwa mbali upande wa pili wa meza, mdogo kama mbegu, akipiga pasi. Kisha karata zikakusanywa. Waliomshika walimweleza kwa ukamilifu, mmoja mmoja. Teroy alisema mashati yalikuwa ya kiume, kumi na moja. Nardo alisema nywele amezikata mwenyewe, tena vibaya, inamuuma kama kinyozi.

Siku ya pili, mgao wa sita, Sidra akamwokota mwenyewe. Malkia wa karata ana vichwa viwili, kimoja juu na kimoja chini kimepinduka. Vyote viwili vilikuwa Rowena. Wa juu alikuwa anakanda unga, na wa chini alikuwa anakanda uleule, amechelewa kidogo. Kovu la kidevuni alilolipata akianguka kwenye pampu ya maji lilikuwepo mara mbili. Sidra alifurahi kiasi kwamba akampanga safu ya mbele, pamoja na malkia mwenzake wa uru, ili asisongwe na watu. Wakafungua.

"Umechafua," alisema Choleng.

"Nimechafua nini? Meza nimeifuta."

"Mbele una malkia wawili, nyuma una jozi ya tano. Mbele imezidi nyuma. Unatulipa wote watatu."

"Tena malkia anakupa kisogo," akaongeza Nardo, kama mtu anayesoma kanuni iliyokuwa imeandikwa siku zote.

Kweli, Rowena alikuwa amegeuka. Sidra aliona fundo la nywele lililofungwa kwa mpira wa mfuko wa mboga, kamba za aproni, na mabega. Akamtazama hivyohivyo mpaka Teroy alipokusanya karata.

Baada ya hapo hakuchafua tena. Aliamka saa tisa usiku kuinjika vitumbua, na huku akisubiri mvuke alikuwa akipanga vikopo vyake kwenye meza ya jikoni: vitatu, vitano, vitano. Kufikia siku ya kumi na nne alikuwa anazipanga karata kumi na tatu kabla chai ya Choleng haijapoa, na Choleng hunywa chai ya moto sana.

Siku hiyo ya kumi na nne Rowena alimwaga unga kwenye meza ya watu, akaandika kwa kidole: BABA BADO YUPO?

Sidra akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyejua kama karata inaona. Rowena akaufuta unga, akaenda kwenye chumba chenye kitanda kipana, akapiga magoti mbele ya kabati, akaanza kuchokonoa kitasa cha droo kwa kisu cha siagi.

"Pasipoti yake imo humo," alisema Teroy. "Mtoto wa dada yangu naye walimfungia hivyohivyo."

Muda huohuo simu ya Sidra ikalia. Ulikuwa ujumbe wa bosi wa Rowena. Ulisema Rowena ni mzima, ana furaha, ameamua mwenyewe kutosafiri, na anaomba mzike tu. Sidra akaiweka simu kando ya karata ili vyote viwili vionekane pamoja.

"Hapa mmoja anadanganya," alisema Nardo.

"Basi si huyu mwenye kisu cha siagi," alisema Choleng.

Siku ya kumi na tano walipanda jipni, basi dogo la abiria, kwenda mji wa Dagupan, kwenye ofisi ya wakala iliyompeleka Rowena ng'ambo. Walikwenda wote wanne, kwa sababu malkia hachangamki mpaka karata zigawiwe kwa watu wanne, na zisipopangwa sawasawa hutoa kisogo. Walikaa kwenye benchi la wateja. Karani, msichana mwenye kucha za rangi ya zambarau, aliwaambia kucheza karata ofisini hakuruhusiwi.

"Hatuchezi, mwanangu," alisema Sidra. "Tunaleta ushahidi."

Iliwachukua migao minne, kwa kuwa Teroy alikosea kupanga mara tatu kwa sababu ya jicho lake. Mgao wa nne malkia alikwenda kwa Choleng. Karani akainama. Rowena alikuwa amekaa sakafuni jikoni anakula wali uliobaki kwenye sufuria ya watoto, huku mlango umefungwa kwa nje. Karani akafungua faili, akalinganisha.

"Ni yeye," akasema. "Hata kovu ni hili."

"Basi?"

"Basi, mama, fomu yetu ya malalamiko ina visanduku vitatu. Mfanyakazi amepiga simu, ameandika barua, amefika mwenyewe." Akageuza fomu nyuma, akaigeuza tena mbele. "Amefanya lipi?"

"Ameandika kwenye unga."

"Una huo unga?"

Sidra hakuwa nao. Karani akaandika kwamba hakuna malalamiko, akapiga muhuri, akampa nakala. Kisha akauliza kama anaweza kutazama kidogo tena, kwa sababu na yeye ana dada yake kwenye mji huohuo. Wakamgawia mara mbili zaidi. Dada yake hakutokea.

Walisubiri siku zote zilizobaki. Kila asubuhi Sidra alikaa, akapanga, akamwona. Droo haikufunguka. Siku ya kumi na nane kisu cha siagi kilivunjika. Siku ya ishirini Rowena aliandika kwenye mvuke wa kioo cha bafuni: NIMUONE TU. Sidra aliyasoma maneno hayo mara nyingi kadiri mgao ule ulivyoruhusu. Halafu aliuliza swali, na halikuwa na uhusiano na karata alizokuwa nazo.

"Akinipa kisogo, huwa anatazama wapi?"

"Anatazama mbali na wewe," alisema Nardo.

"Hapa nilipokaa, mbali na mimi ni wapi?"

Wakageuza vichwa, wote watatu. Mbali na yeye lilikuwepo jeneza.

Siku ya ishirini na moja gari la maiti lilifika saa mbili na nusu. Dereva alipewa kahawa na vitumbua akaambiwa angoje. Wanne wakakaa. Migao mitatu ya kwanza malkia wa kopa alikwenda kwa Teroy, kwa Choleng, tena kwa Teroy. Dereva akapiga honi mara moja, kwa adabu. Mgao wa nne Sidra akapata malkia watatu, wa kopa akiwa wa katikati yao, na nane mbili. Choleng, aliyekuwa amekaa karibu, alimsikia akivuta pumzi. Malkia watatu na jozi ya nane nyuma ni karata za kuzishinda nyuma zote mezani. Sidra wa siku ya kwanza asingeziona, Sidra wa siku hiyo aliziona kabla hajamaliza kuziokota.

Akawaweka malkia watatu mbele. Nyuma akaweka nane zake mbili na takataka tatu. Wakafungua.

"Umechafua, dada," alisema Choleng kwa sauti ndogo.

"Najua."

Rowena alikuwa ameshageuka. Sidra akamwokota kwa vidole viwili, akanyoosha mikono, akaiinua karata juu ya meza, uso wake Sidra ukitazamana na mpira wa mfuko wa mboga na kamba za aproni. Mbele ya Rowena kilikuwepo kioo, na chini ya kioo baba yake na shati lake la kubana. Sidra hakuona kitu kingine. Aliona mabega. Mabega yakapanda, yakashuka, yakapanda, yakabaki juu muda mrefu. Machozi hayatakiwi kudondoka kwenye kioo cha jeneza, na hakuna hata moja lililodondoka. Karata ilikuwa mbali kiasi cha kutosha.

"Shati limembana shingoni," alisema Teroy.

"Atakuwa ameona," alisema Nardo.

Mikono ya Sidra ilianza kushuka kwa kuchoka, Choleng akamshikia viwiko. Wakakaa hivyo mpaka honi ya pili. Kisha Sidra akaiweka karata chini, akawalipa wote watatu, maana kuchafua ni kuchafua.

Mtu wa mazishi alitaka kuitia ile pakiti kwenye mfuko wa marehemu, kama ilivyo desturi kwa vitu alivyovipenda. Sidra akampa miwani ya Ponso na kitana chake. Jeneza lilipotoka mlangoni, Choleng akachukua fagio. Maganda yalijaa magunia mawili.

Siku hizi, kukiwa na msiba popote kati ya soko na mto, Sidra hufika saa nne asubuhi na kikapu cha vitumbua na pakiti ile, kwa kuwa penye maiti ndipo polisi wanapofumba macho. Wafiwa humpa kiti. Wanasema hakuna mwanamke anayecheza pusoy kama yeye katika mitaa saba. Ujumbe wa bosi huja kila tarehe moja: Rowena ni mzima, ana furaha. Ofisini Dagupan faili lake limeandikwa hakuna malalamiko.

Jumatatu iliyopita, kwenye msiba wa mke wa fundi viatu, malkia alikuja mgao wa pili.

"Vipi Rowena?" akauliza fundi viatu, akimmiminia kahawa.

"Anafua mapazia."

"Droo?"

"Bado."

Fundi viatu akatikisa kichwa, akaenda kwa wageni wengine. Sidra akamweka binti yake safu ya nyuma, penye nguvu, akahakikisha katikati haizidi nyuma na mbele haizidi katikati, apate kumwona uso.