Taym Analala Nje

Khawla alimlaza Taym kwenye zulia, akamvisha soksi za sufu juu ya soksi za pamba, suruali juu ya suruali, kisha sweta mbili. Mtoto alirusha miguu akicheka, akidhani ni mchezo. Mwisho likaja vazi la mpira la kuzuia mvua. Walimu wa chekechea walikuwa wamesisitiza kila mtoto awe nalo. Jipya lilikuwa na bei ya chakula chao cha juma zima, kwa hiyo alilipata kwenye duka la mitumba, la kijani, lenye kiraka gotini.

Kwenye ngazi alikutana na Mama Hazim, jirani wa mlango wa pili, amebeba mfuko wa taka.

"Wee Mama Taym! Mtoto anakwenda chekechea au anakwenda mwezini?"

"Kuna baridi, dada."

"Hii ndiyo unaiita baridi? Majani bado yako mitini. Ngoja Januari, kope zikigandana, ndiyo uje kwangu na habari za baridi." Akamfinya Taym shavu. "Mfungue zipu kidogo, mwanamke, asije akaiva humo ndani."

Khawla alicheka, lakini zipu hakuigusa.

Hii ilikuwa siku ya kwanza ya Taym kushinda chekechea kutwa. Majuma mawili yaliyopita Khawla alikuwa akikaa naye pale ili amzoeshe, amejikunja kwenye kiti cha watoto, na saa ya chakula cha mchana wanarudi nyumbani. Leo Lisbet, mkuu wa chekechea, mwanamke mrefu mwenye mikono ya uvuguvugu, alimpokea mtoto na kumwonyesha Khawla kwa ishara kwamba kigari nacho kibaki. Khawla aliitikia kwa kichwa. Alidhani watampeleka matembezi.

Kwenye darasa lake la Kiswidi alifika kabla kengele haijalia. Asiyehudhuria bila cheti cha daktari alipunguziwa posho, na posho yenyewe ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi. Mumewe, Ghazwan, alikuwa akiosha vyombo kwenye hoteli moja Stockholm, akilala huko na wenzake chumba kimoja, na kurudi Jumapili akiwa amechoka hata kuongea.

Mwalimu Margit alikuwa amebandika picha ya mti ubaoni. "Jani ni jekundu," alisema, na darasa zima likarudia kwa Kiswidi. "Jani ni la njano. Ninapenda majira haya."

"Ninapenda majira haya," Khawla alirudia na wenzake. Kule Arsal, mlimani Lebanoni, walikokimbilia baada ya Qusayr, mji wao kule Syria, kubomolewa, majani yakianza kudondoka watu walipigilia nailoni juu ya mahema, na wanawake walianza kuuza pete zao wanunue mafuta ya kupasha joto. Lakini sentensi ya hayo haikuwamo kitabuni.

Baada ya mapumziko Margit alisema watoke nje wakaokote majani. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, membamba na baridi. Walipita duka la vyakula, wakapita kituo cha basi, wakakata kona nyuma ya chekechea, na hapo Khawla akaona vigari vimepangwa mstari chini ya kipaa cha bati, uani, nje kabisa. Cha nne kilikuwa cha buluu. Kilikuwa na gurudumu lililofungwa waya, waya alioufunga mwenyewe.

Alisogea kwenye uzio. Moshi mdogo wa pumzi ulikuwa unatoka chini ya kifuniko.

Hakukumbuka alivyolifungua lango. Alifunua kile kifuniko, akamkuta Taym amelala, ncha ya pua nyekundu, midomo imeachana. Akamgusa shavu. Lilikuwa baridi.

Aliwahi kugusa shavu kama hilo. Kabla ya kuitwa Mama Taym aliitwa Mama Lujain. Theluji ilipoangukia mahema ya Arsal alikesha usiku wa kwanza akimsugua bintiye miguu, akakesha na wa pili. Usiku wa tatu usingizi ulimchukua akiwa amemkumbatia. Alfajiri aliamka, Lujain hakuamka.

Alimnyakua Taym pamoja na blanketi lake akakimbia. Nyuma yake Margit aliita jina lake, akaita tena, lakini Khawla hakugeuka mpaka alipoufunga mlango wa nyumba na komeo.

Polisi walikuja wawili, kijana wa kiume na wa kike, na walibisha hodi kwa upole. Walimkuta ameketi karibu na bomba la kupasha joto, mtoto ndani ya nguo yake, ngozi kwa ngozi. Taym alikuwa anatafuna mkate. Wale vijana waliandika, wakapiga simu, wakasema maneno mengi ambayo Khawla alipata kati yake mawili: mtoto, na leo. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ngazi. Polisi walipoondoka, Mama Hazim aliingia bila kubisha.

"Umefanya nini, Mama Taym? Walimu wamekuta kigari kitupu, wanalia! Walidhani mtoto ameibwa!"

"Wamemlaza nje. Kwenye mvua, Mama Hazim. Kama paka."

"Wanawalaza wote nje."

"Wote?"

"Wote, makusudi. Hata watoto wa wenye nyumba kubwa kule ziwani. Wanasema hewa safi, mtoto anakua na nguvu. Mimi mtu wa Homs, na unajua Shamu nzima inavyotucheka kwa vituko vyetu, lakini hiki hata sisi hatukuwahi kukivumbua." Alijaribu kucheka, kisha akaacha. Akashika mkono wa Khawla. "Sasa nisikilize. Polisi wameniambia umeitwa chekechea leo alasiri, na mtu wa ustawi wa jamii atakuwepo. Ukifika huko sema samahani. Tabasamu. Tia sahihi. Usibishane. Si unayajua yaliyosemwa kuhusu ile familia ya ghorofa ya tatu?"

Khawla aliyajua. Hakuna aliyeona kwa macho yake watoto wakichukuliwa na ustawi wa jamii, na hakuna mtaani asiyeamini.

Walimkaribisha kwenye chumba chenye mshumaa mezani na bakuli la biskuti. Lisbet alikuwa na macho mekundu. Ingela, afisa wa ustawi wa jamii, alimmiminia kahawa, akamtengea Taym vitalu vya mbao achezee sakafuni. Hakuna aliyepaza sauti. Katikati ya meza palikuwa na simu, na ndani ya simu palikuwa na mkalimani, sauti ya mwanamume mwenye lafudhi ya Baghdad. Nyuma yake kijiko kilisikika kikikoroga chai.

Ingela aliongea, sauti ikatafsiri. "Anasema wanaelewa kwamba ulishtuka. Lakini kumchukua mtoto bila kuaga ni jambo zito. Anataka kujua kwa nini ulimchukua."

Khawla aliweka mikono mapajani. Alikuwa amelibeba jibu tangu asubuhi, sasa akalitoa lote kwa pamoja: hema, theluji, mafuta yaliyokwisha, usiku wa tatu. Alisema jina la Lujain, ambalo hata Ghazwan alikuwa halitaji tena.

Kijiko kiliacha kukoroga.

"Dada yangu," sauti ilisema polepole kwa Kiarabu, "Mungu akupe subira. Lakini hilo nisilitafsiri."

"Kwa nini?"

"Mtoto amekufia mikononi, na leo umekimbia na mwingine. Wataandika. Wakishaandika, halifutiki. Nimeona mengi kwenye simu hizi. Niachie mimi."

"Amesema nini?" Ingela aliuliza.

Sauti ilijibu kwa Kiswidi, kwa ufupi. Khawla alilitambua neno. Lilikuwa la kwanza kabisa alilofundishwa katika nchi hii. Samahani.

Ingela alitabasamu, akaandika. Lisbet alifuta pua. Na Khawla akaona kwamba mambo yamekwisha, kwamba Lujain amepita katikati ya meza hii kama mvuke wa kahawa na hakuna aliyemwona. Akaiinamia meza. Akayatafuta maneno aliyokuwa nayo, maneno ya sokoni, ya kituo cha basi, ya kuamka na kupiga mswaki. Neno la kufa walikuwa hawajafundishwa.

"Binti yangu," alisema kwa Kiswidi. "Majira ya baridi. Nyumba... hapana nyumba. Analala. Mimi ninalala." Alijigusa kifua. "Mimi ninaamka. Mtoto haamki."

Ingela na Lisbet walitazamana. Kisha Ingela aliegemea mbele, akamwekea mkono begani.

"Lakini ameamka, Khawla," alisema taratibu, akimwonyesha Taym aliyekuwa anagonga kitalu juu ya kitalu. "Unamwona? Mzima kabisa." Akamgeukia Lisbet. "Na Kiswidi chake kinakua vizuri!"

"Umeona, dada?" simu ilinong'ona kwa Kiarabu. "Acha."

Khawla aliuliza swali moja tu kupitia simu: je, Taym anaweza kulala ndani? Lisbet alisema angependa, kweli, lakini mchana hakuna mwalimu wa kubaki ndani na mtoto mmoja, na wakimfanyia mmoja itabidi wawafanyie wengine. Akiwa na cheti cha daktari, wataangalia. Miadi ya karibu kabisa ya daktari ilikuwa mwezi wa pili mwakani. Kwa sasa mtoto aje kila siku, alale kama wenzake. Akikosekana, Ingela atalazimika kufungua uchunguzi.

Khawla alitabasamu. Akatia sahihi.

Kesho yake alimvisha Taym sweta tatu, akampeleka. Lisbet alimkumbatia mlangoni, kumbatio la kweli. Khawla alikishikilia kigari kitambo kidogo, kisha akakiachilia.

Hakwenda darasani. Alizunguka nyuma, akasimama kwenye uzio.

Baada ya chakula vigari vilitoka kimoja kimoja na kupangwa chini ya bati. Cha buluu kilikuwa ukingoni. Mvua ilikuwa nzito kuliko jana, na majani mekundu yalikuwa yamegandamana kwenye njia kama matambara. Lisbet alimwona kutoka dirishani. Akatoka na mwavuli.

"Khawla, unatakiwa uwe shuleni." Alionyesha upande wa shule, kisha akaigiza kuandika hewani. "Posho. Wataandika."

Khawla aliitafuta sentensi. Ilikuwa ya somo la kituo cha basi, na aliisema yote, bila kosa.

"Mimi ninasubiri hapa."

"Utaganda."

"Ndiyo."

Lisbet alisimama kana kwamba kuna kitu anakaribia kukiuliza. Simu ikalia ndani. Akamwachia mwavuli kwenye uzio, akaingia.

Khawla hakuuchukua. Alivua glavu, akashika nondo ya uzio kwa mkono mtupu, ili ajue baridi imefika wapi. Macho yake hayakutoka kwenye kile kifuniko cha buluu, pale pumzi ilipokuwa ikitoka, ikipotea, ikitoka tena. Jana usiku hakulala hata kidogo, na kope zilikuwa nzito kama mchanga. Akauma shavu lake kwa ndani, akaendelea kutazama.