Mkato wa Kisiginoni

Mwendesha mashtaka walimbatiza jina la Mia-kwa-Mia, kwani shahidi akisema "huenda" humharibia siku nzima. Asubuhi hiyo alimbana mtaalamu wa nyayo kwenye korido ya mahakama.

"Dada yangu, leo usiniletee zile huenda zako. Alama ya chini ya dirisha la duka lililovunjwa ina mstari kisiginoni. Kiatu cha fundi baiskeli kina mkato kisiginoni. Unataka nini tena, kiatu kiimbe?"

"Kikiimba, nitasema kimeimba. Ila mkato ule ni mpya, kaka. Soli nzima imeshiba rangi ya tope, mkato ndani ni mweupe pe. Nimemuuliza mtunza vielelezo. Ati alikikwangua kwa kisu, kisije kikaaibisha mahakama kwa uchafu, kisu kikamteleza."

Mia-kwa-Mia akashika kichwa. "Usafi gani huu wa kuniponza! Basi hilo sikuulizi, na wewe usiseme."

"Usiponiuliza, nitamwambia hakimu mwenyewe."

Fundi alikuwa kizimbani, mama yake benchi la nyuma akitafuna kucha. Ushahidi mwingine wa maana haukuwepo. Kiatu kikikubalika, kijana anakwenda jela.

Mtaalamu akaulizwa kama kiatu ni kilekile kilichoacha alama dukani. Akajibu kwamba aina ni hiyo, saizi ni hiyo, na sokoni viko kama utitiri. Mkato umetiwa baada ya kiatu kukamatwa, hivyo hauthibitishi lolote.

Wakili wa utetezi aliruka kama aliyefunga bao. "Kwa hiyo mteja wangu hakuwepo!"

"Sikusema hivyo, wakili. Huenda alikuwepo, huenda hakuwepo. Soli hii haiwezi kuniambia."

Akawa amenuniwa pande zote mbili, na saa ya chai haijafika.

Hakimu akaona kiatu hakitoshi kumtia mtu hatiani. Fundi akaachiwa.

Mlangoni, mama yake alimshika mtaalamu begani. "Mungu akulipe, mwanangu. Wewe ulijua kijana wangu hana hatia."

"Sikujua, mama. Na mpaka sasa sijui."

Mkono ukatoka begani. Mama akamtazama, akaguna, kisha kicheko kikamtoka bila kupenda.

"Hata uongo mdogo tu, wa kunifurahisha mtu mzima?"

"Hata huo, mama."