Nani Atangulie Kubisha Hodi

Ndoa ya Nomsa ilikuwa imepangwa kufungwa Ijumaa, na hadi Jumapili iliyotangulia hakuna mtu aliyekuwa amefika nyumbani kwao Randburg kumposa. Jambo hilo lilimkwama kooni mama yake, Hedwiga, kama mwiba wa samaki.

Kwamba bintiye anaoana na msichana mwenzake, Murielle, msusi wa Kikongo kutoka mtaa wa La Rochelle, jiji hilo hilo, hilo alikuwa amelitafuna polepole kwa miaka miwili. Mengine aliyameza, mengine yalikuwa bado mdomoni. Lakini kuchukuliwa mtoto bila kuombwa!

"Mama, Ijumaa utakuja?" Nomsa aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili alikisikia chote, ila kukisema aliona haya.

"Niende kwenye harusi ya mtoto ambaye sikuombwa? Kwetu Songea hata mbuzi huombwa."

"Sheria inaturuhusu, Mama."

"Sheria haikukuzaa."

Mwezi uliopita ofisa wa serikali wa kwanza ambaye Nomsa na Murielle walimwendea alikataa kuwafungisha ndoa. Alisema kwa upole kwamba dhamiri yake haimruhusu, na mwaka ule wa 2018 sheria ile ile iliyowaruhusu wao ilimruhusu na yeye kukataa. Walitoka, wakatafuta ofisa mwingine, wakampata.

"Nimechoka kukataliwa," Nomsa alisema. Akachukua funguo zake, akatoka bila kubamiza mlango.

Mezani alibaki shemeji yake Hedwiga, mzee Obadia, mdogo wa marehemu mumewe. Ndugu hao wawili walikuwa wapigania uhuru kutoka Soweto waliokaa Morogoro miaka ya uhamishoni, na huko ndiko Obadia alikojifunzia Kiswahili na kunywa chai yenye tangawizi kali.

"Eish, shemeji," alisema. "Tulipigana ili watu waishi watakavyo."

"Waishi! Nani kawazuia? Mimi nauliza tu, hao watu wa La Rochelle wananionaje? Hawana hata mshenga wa kumtuma?"

Obadia aliweka kikombe chini. "Na wewe ulimtuma nani?"

"Mimi? Mimi ni mama wa binti!"

"Na yule mwenzako ni mama wa nani?"

Bila kujua, moyoni Hedwiga alikuwa amekwisha kumfanya Murielle mkwe wa kiume, labda kwa sababu ya urefu wake, au kwa jinsi alivyowahi kuupandisha mtungi wa gesi ngazini kwa mkono mmoja.

"Washa gari," alisema.

Mama yake Murielle, Victorine, alikuwa mshonaji. Aliishi katika vyumba viwili vya kupanga, cherehani ikiwa dirishani. Waliposimama mlangoni alikuwa bado amevaa nguo za kanisani. Aliwatazama toka kichwani hadi miguuni.

"Ah! Mumekuja! Niko nawangojea tangu Pasaka. Soda zilinunuliwa, watoto wakazikunywa, nikanunua zingine. Nikasema, hawa Watanzania wanaona mutoto yangu ni kitu ya kuokota barabarani?"

"Na mimi nilikuwa nakungoja wewe, mama."

"Mimi? Mama ya binti atoke kwake, aende kutembeza mutoto?"

Walitazamana. Victorine ndiye aliyeanza kucheka, kisha Hedwiga, na Obadia akacheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi, mzee alisimama, akafunga kifungo cha koti, akamwomba Victorine awape Murielle, kwa maneno mazuri ya mshenga, nusu ya Morogoro, nusu ya Soweto.

Victorine alisikiliza hadi mwisho. "Pasteur yangu alisema hatabariki," alisema. "Nikamwambia sawa, kanisa si yangu. Serikali ikimulazimisha, mimi nitalia naye. Lakini ikimukataza mutoto yangu kuoa, nitalia pia. Bon. Murielle nilimuzaa mimi. Nimemutoa."

Ilipaswa iwe furaha tupu. Hedwiga alishika soda yake bila kuinywa.

"Nini tena, mama?"

"Wangu bado hajaombwa," alijibu kwa sauti ndogo.

Victorine alifikiri kidogo. Kisha akainuka. "Kaa hapa, kwa kiti yangu. Hii nyumba sasa ni Randburg. Papa Obadia, tutoke."

Wakatoka, wakafunga mlango.

"Hodi!"

Wiki zote hizo Hedwiga aliamini kwamba anachongoja ni heshima. Sasa heshima imesimama nje na viatu vya kanisani, naye akajiona alikuwa amejificha nyuma yake. Maadamu hakuna aliyeuliza, hakulazimika kujibu. Serikali haikumhitaji, Nomsa ni mtu mzima, angeolewa Ijumaa bila yeye. Lakini jibu hili lilikuwa lake peke yake. Angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angempeleka mahakamani.

"Hodi humo ndani!"

"Shemeji," Obadia alilalamika, "jua linatuchoma."

*Nimechoka kukataliwa.* Maneno yale Nomsa hakumwambia ofisa yeyote. Aliyasema mezani kwa mama yake.

"Subirini," Hedwiga aliita. Alifuta macho, akaufunga upya mtandio wake, na badala ya kuitikia kutoka kitini, akaenda kufungua mlango mwenyewe.

"Mnatafuta nini hapa?"

"Tunatafuta mutoto ya kukaa na mutoto yetu," Victorine alisema, bila kucheka hata kidogo. "Wazeeke pamoja."

"Wangu anaunguza wali. Na akikasirika hasemi, anaondoka tu."

"Tunamutaka hivyo hivyo."

"Basi mchukueni." Akaufungua mlango wote. "Lakini Jumapili wawe wanakuja kwangu kula. Wote wawili."

Victorine aliingia, akamshika bega, akanyoosha mkono kuchukua utepe wa kupimia uliokuwa juu ya cherehani.

"Geuka nikupime," alisema. "Ijumaa iko karibu, na niko na kitambaa ya bluu yenye kutosha nguo za wamama wawili."