Meli ya Msonobari

Jabez Tilling, shemeji yake dada yangu, alikuwa fundi wa kuunda meli hapa Rotherhithe, London, tangu alipoweza kuinua tezo la kuchongea mbao. Alizoea mwaloni. Mti mgumu, mzito, unaokupa kazi ya jasho lakini ukishakaa mahali pake umekaa. Vita na Wafaransa vilipokuwa havijaisha na Wamarekani nao wakaanza vya kwao, serikali ikataka manowari haraka, na mwaloni haukuwepo wa kutosha. Ndipo ikaamriwa ziundwe frigeti nane, manowari nyepesi za mbio, kwa ramani moja, zote za msonobari. Moja ikaja kwenye uwanja aliokuwa akifanyia kazi Jabez.

Ilipewa jina la Ianthe, jina la Kigiriki, lakini mabaharia hawakuwa na ulimi wa kulitamka, wakaiita Yanti, na sisi wote mtaani tukaiita hivyo hivyo.

Jabez alinung'unika tangu siku ya kwanza. Jioni alikuwa akipita nyumbani kwa mdogo wake Reuben, aliyemwoa dada yangu Thirza. Mimi nilikaa nao, nikisaidia watoto na kufua nguo za watu.

"Kaka, leo umeunda meli au kabati?" Reuben alimchokoza.

"Kabati lina nafuu. Kabati haliendi baharini."

"Si inaelea?"

"Itaelea. Itakimbia pia, nyepesi vile. Lakini miaka michache tu, Reuben, mbavu zitakuwa kama jibini."

"Basi vita viishe kabla ya jibini kuoza," alisema Reuben, na Thirza akacheka mpaka akaweka chini sahani za pai ya samaki mkunga.

Reuben hakuwa fundi. Alikuwa mpiga makasia, akivusha watu mto Thames kwa mashua yake, na mdomo wake haukupumzika hata mikono ikipumzika. Abiria walimpenda. Kikosi cha kukamata wanaume kwa ajili ya jeshi la majini kilimpenda vilevile, maana mtu aliyekwisha zoea maji ndiye waliyemtaka. Walimchukua mchana kweupe, kwenye ngazi za mto, abiria wake akiwa bado ndani ya mashua na mkoba mapajani. Huyo abiria ndiye aliyekuja kutuambia, na mashua akairudisha mwenyewe, akiyumba huku na huku kama mlevi.

Thirza hakulia. Alivaa kofia yake, akaenda moja kwa moja kwa Jabez.

"Shemeji, wamemchukua."

Jabez aliacha kazi, akaenda kwenye chombo walimofungiwa waliokamatwa, kilichotia nanga mtoni karibu na Mnara wa London. Huko alimwona ofisa mmoja. Kumtoa hakuweza; hakuna aliyeweza. Lakini ofisa, kwa kumhurumia au kwa kutaka aondoke, alimwambia kwamba wale watu watagawanywa kati ya meli mbili. Moja ilikuwa kuukuu, iliyorudi kutoka visiwa vya Karibi na homa iliyoua nusu ya mabaharia. Nyingine ilikuwa mpya, Ianthe, iliyokuwa ikimaliziwa kufungwa kamba na matanga.

"Mpeleke kwenye Ianthe," alisema Jabez. "Nakuomba, bwana. Ile naijua."

Ndivyo ilivyokuwa. Alirudi akatueleza, kofia mkononi. Alisema ni meli kavu, haina ugonjwa, haina panya, na kila ubao wa upande wa kushoto, aliofanyia kazi yeye, ameuona kwa macho yake. Thirza alimshika mkono na kumshukuru.

Reuben aliondoka nayo. Salamu zilizokuja kwa midomo ya mabaharia wengine zilisema yuko mzima, anaipenda Yanti, inakata maji kama kisu, na hakuna meli ya Mfaransa inayoweza kuikimbia. Jabez alipoambiwa hayo alitabasamu kidogo.

Halafu, nje ya pwani ya Brittany, huko Ufaransa, walikutana na frigeti ya Kifaransa iliyokuwa haitaki kukimbia. Walipigana asubuhi nzima. Risasi ya mzinga ilipenya ubavuni, upande wa kushoto, karibu na mzinga wa Reuben. Yenyewe haikumgusa. Kilichomgusa ni ubao ilioupasua: kibanzi kirefu kama mkono wa mtoto kilimwingia pajani mpaka kwenye mfupa.

Walimleta kwa mkokoteni wa farasi kutoka hospitali ya Plymouth, mwembamba, ngozi rangi ya nta. Phoebe, binti yake mkubwa, hakumtambua, akajificha nyuma yangu.

"Anaogopa nini huyu?" Reuben alisema. "Sijambo, mwanangu. Baba yako amekuwa nusu mtu nusu mbao, basi."

Kidonda kilikuwa kikifunga, tukafurahi, kisha kikafunguka tena na kutoa usaha, na ndani ya usaha vipande vya mti. Mimi na Thirza ndio tuliokisafisha. Siku moja kilitoka kipande kikubwa kama ukucha, na Jabez alikuwa amekaa pale kando ya kitanda.

"Kaka, shika mbao yako," Reuben alimwambia, akicheka kwa shida. "Usije ukasema nimeiba mali ya mfalme."

Jabez alisimama akatoka nje. Nilimfuata na ndoo ya maji machafu, nikamkuta ameegemea ukuta.

"Shemeji, anatania tu," nilimwambia.

"Najua anatania, Keturah. Afadhali angenitukana."

Aliyekuja kumtazama Reuben alikuwa Bwana Wakelin, daktari mzee aliyewahi kukaa miaka mingi kwenye manowari. Jabez alimngoja mlangoni, nami nilikuwa nikianika matambara.

"Bwana Wakelin, niambie ukweli. Ingekuwa mwaloni?"

"Mwaloni nao hupasuka. Nimetoa vibanzi vya mwaloni kwenye miili ya watu mpaka sitaki kukumbuka."

"Kwa hiyo ni sawasawa?"

Mzee alivaa glovu zake taratibu. "Sijui, Bwana Tilling. Pengine risasi isingepenya. Pengine ingepenya na kumuua palepale. Hakuna atakayekujibu hilo."

Nadhani Jabez alitaka aambiwe ndiyo, au aambiwe hapana. Lolote kati ya hayo angeweza kulibeba.

Reuben alikufa majira ya machipuko, watu wakiwa barabarani wanashangilia kwamba Napoleon ameanguka. Tulilazimika kufunga dirisha ili tumsikie. Alimwomba Thirza maji, akamwambia yana ladha ya mto, akafumba macho. Tulimzika kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria. Jabez alilitengeneza jeneza mwenyewe, kwa mwaloni, zito mno hata wabebaji wakapumzika njiani.

Kisha amani ikaja kweli, na amani iliwaua kwa njaa mafundi wa meli. Viwanja vilinyamaza. Ukaja ule mwaka ambao kiangazi hakikuja, mvua ikanyesha hadi ngano ikaozea shambani, na baridi ikaingia mapema. Kazi pekee iliyobaki Rotherhithe ilikuwa ya kubomoa meli ambazo serikali haikuzihitaji tena. Jabez akaenda kubomoa.

Yanti ililetwa ikikokotwa na mashua, bila milingoti. Nilisikia habari sokoni, nikampelekea Jabez chakula ili nimwone alivyo. Nilimkuta ndani ya tumbo la meli, amepiga magoti, akiingiza kidole gumba ndani ya ubavu wa meli. Kiliingia chote.

"Imeoza," nilisema.

"Imeoza." Alifuta kidole kwenye suruali. "Nilidhani nitafurahi kuivunja."

Aliivunja ubao kwa ubao pamoja na wenzake. Misumari ya shaba ilipelekwa kwingine. Mbao ziliuzwa kuni, na kwa kuwa makaa ya mawe yalikuwa hayashikiki kwa bei, mtaa mzima ulikuja na matoroli. Siku zile ukipita barabarani ulisikia harufu ya lami na msonobari ikitoka kila dohani.

Thirza naye alikuja na toroli. Tobit, mdogo wake Phoebe, alikuwa na kifua. Tulimkuta Jabez langoni.

"Shemeji, nijazie."

"Si hizi, Thirza. Nitakutafutia kuni nyingine."

"Utazitoa wapi?"

"Nitatafuta. Hizi usiziingize nyumbani kwako."

"Mtoto anakohoa damu, Jabez. Usinichagulie mti."

Jabez aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemwombea hii meli. Ofisa alinitajia meli mbili, nikachagua hii."

"Najua. Ulituambia mwenyewe."

"Ulinishika mkono ukanishukuru."

"Nilikushukuru, ndiyo. Na Reuben naye alikushukuru, mpaka mwisho." Sauti ya dada yangu ilikuwa kavu. "Unataka nikulaumu? Sina nguvu hizo. Unataka nikusamehe? Hizo nazo sina. Nina watoto wenye baridi. Nijazie toroli."

Alilijaza. Kisha alichukua mishikio mwenyewe akalisukuma mpaka nyumbani. Alipasua zile mbao uani kwa shoka, vipande vyembamba vyembamba vinavyoshika moto haraka. Aliingia akapiga magoti mbele ya jiko na kuwasha.

Msonobari mkavu huwaka kwa fujo. Chumba kikapata joto ambalo hatukuwa tumelipata tangu Reuben afe. Tobit akasinzia. Phoebe alinyoosha mikono akasema, "Baba mkubwa, unanukia vizuri huu moto."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Jabez.

Thirza alimpa kikombe cha bia ya moto, naye akakaa, akaendelea kuongeza vipande kimoja kimoja. Alikuja tena kesho yake na mzigo mwingine wa mbao zile, na siku iliyofuata, majira yote yale ya baridi mpaka meli ikaisha. Tobit aliishi. Jabez hakuunda meli tena.