Chumba cha Mwamvua

Tangu aanze kazi ya kutunza sauti, Hafsa alikuwa akiota nyumba moja isiyokwisha. Anafungua mlango, anakuta ukumbi. Ndani ya ukumbi mlango mwingine, na nyuma yake nyumba nzima ya watu, chai iko mezani inatoka mvuke. Haogopi. Anapita polepole, na miguu haigusi sakafu.

Ndoto yenyewe haikutoka mbali. Pale ofisini Raskazone, upepo wa bahari ukicheza na mapazia, alikuwa akikusanya kwenye kompyuta nyimbo na hadithi za watu wa Mtang'ata. Kila ukoo ulikuwa na ghala lake, kwa kuwa sauti ya mtu haitoki nyumbani bila idhini ya wenye nyumba. Juu ya maghala yote hayo palikuwa na ghala mama. Nalo, tofauti na mama zetu, halibebi kitu: linaweka alama tu, mstari wa herufi na tarakimu, kwamba ukoo fulani uko mlango fulani, na toleo la sauti zake ni hili, si lile. Maghala yalikuwa mengi, na Hafsa aliyajua kama vyumba vya kwao hata taa ikizimika.

Ukoo mmoja tu ulikuwa haujaidhinisha: wake mwenyewe. Ghalani mwao mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, Mwamvua, akiimba wimbo wa kubembeleza watoto, akikohoa katikati, akicheka. Mwenye kauli alikuwa Mjomba Masoud, kaka wa marehemu. Hafsa alimpelekea nakala ya ghala kwenye flashi asikilize kwanza. Miezi ikapita, na kila mjomba akiulizwa alijibu kwamba flashi haionekani, wataongea siku nyingine.

Hafsa, mwenye adabu zake, hakulipandisha ghala la kwao mtandaoni kama yale mengine; lilibaki kwenye kompyuta yake tu. Lakini alama yake alikwisha kuiweka kwenye ghala mama, akiamini idhini haiko mbali. Haraka ya nini? Kisha kompyuta ikafa. Fundi wa mtaa wa Mabawa akaifungua, akaitazama, akampa pole kama za msibani.

Kwenye kompyuta mpya aliliita ghala mama kutoka mtandaoni, nalo likashuka kwa madaha, ukoo baada ya ukoo, milango ikifunguka. Mlango wa kwao ukafunguka pia. Ndani hamna kitu. Alama ipo, inaonyesha toleo ambalo haliko popote. Hafsa alilia pale pale, mchana kweupe, upepo ukimkausha machozi kabla hayajafika kidevuni.

Baada ya alasiri akaenda Usagara kwa mjomba, kompyuta begani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

"Sauti ya mama imepotea. Nimeipoteza mimi. Nilikuwa nangoja idhini yako, sikuiweka kwengine."

Mjomba Masoud, ambaye hata siku ya maziko hakuna aliyemwona akilia, aliinuka akaingia chumbani. Mara mle ndani mwanamke akaanza kuimba. Akakohoa. Akacheka. Hafsa alidhani amerudi kwenye ile nyumba ya ndotoni. Akaufuata mlango taratibu.

Mjomba alikuwa ameketi kitandani, redio ndogo mapajani, flashi imechomekwa ubavuni, rangi yake imefutika kwa kushikwashikwa.

"Sikukukatalia, mwanangu," alisema. "Nilijua nikisema ndiyo tu, utaichukua."

Hafsa alipiga magoti, akaichomeka flashi kwenye kompyuta, akalilinganisha toleo na alama ya ghala mama. Vikaoana herufi kwa herufi. Akalinakili ghala lote, akairudisha flashi redioni, na mama yake akaanza kuimba upya.

"Mjomba, kunakili hakupunguzi kitu. Yako inabaki nawe."

Mzee akaitazama redio, akamtazama yeye.

"Yote inabaki?"

"Yote. Hata kikohozi."

"Sasa si ungeniambia!" Akajifuta uso kwa kanga ya marehemu iliyokuwa juu ya mto. "Basi nimeidhinisha. Na awabembeleze na watoto wa wenzetu."